Waya wa Kumsindikiza Kankolongo

Bwana yangu, Tharcisse Kankolongo, hakuomba jeneza zuri wala chakula kingi cha kilio. Aliomba majina yasikike.

Nieleze kidogo, maana wasomaji si wote wa kwetu. Sisi ni watu wa Kasai. Baba mkwe wangu alishushwa na treni hapa Kolwezi, aje kufanya kazi kwenye mashimo ya mukuba, ile shaba, na toka hapo hatukurudi tena. Tumezalia hapa, tumezikana hapa. Sasa katika ukoo wa bwana yangu, mtu akitolewa nyumbani kwenda makaburini, dada yake anafuatana naye akiita majina: la marehemu, la baba yake, la babu yake, na kuendelea nyuma mpaka kwa watu ambao hakuna hata aliyewahi kuona picha yao. Wimbo huo unaitwa kasala. Wanaamini kila babu akisikia jina lake anasimama, anampokea mtoto, anamkabidhi kwa yule aliye mbele. Asiposikia, hasimami.

Majina ya nyuma, yanayopita babu, hayasemwi ovyo. Hayaandikwi, na mtu hayataji akiwa ameketi nyumbani. Yanasemwa njiani tu, maiti akiwa mbele. Mimi nimeolewa katika ukoo huo ningali msichana, nimezaa humo, nimezeekea humo, lakini nilijua mawili tu: Nkongolo, baba wa bwana yangu, na Mushiya, baba wa Nkongolo. Yaliyobaki alikuwa nayo Kabedi, dada mkubwa wa bwana yangu, na hakuna mwingine aliyempa.

Zamani kulikuwa na njia ya nyuma, inapita kwenye mashamba ya mihogo, kimya kabisa. Siku hizi mgodi umeijengea ukuta. Kwenda makaburini sharti ufuate barabara kubwa, ile ya malori. Mwaka jana tulipomzika mdogo wake Tharcisse, malori yalikuwa yamepangana tangu mjini, mengine yanapanda, mengine yanashuka, yanapiga honi, yanatapika moshi. Kabedi aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Tulipofika shimoni bwana yangu alinishika mkono.

“Domitille, ulisikia jina?”

“Sikusikia.”

“Hata mi sikusikia. Na mi nilikuwa nyuma yake.”

Tangu siku hiyo hakucheka sawasawa. Tulikuwa na mchezo wetu: mimi namtegea kitendawili asubuhi, yeye anakaa na jibu mpaka jioni, na najua kabisa kwamba analijua, ila anataka nimbembeleze. Baada ya kumzika mdogo wake alianza kujibu palepale. Anajibu ili nimwache. Kisha kifua kikamshika, akalazwa, na pale kitandani akamwambia mtoto wetu wa kwanza, Lukusa: “Mi musinipeleke kama bubu. Unasikia? Malori yasinishinde.”

Lukusa akasema, “Baba, hayatakushinda.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza habari ya waya.

*

Tharcisse alipotutoka, Lukusa hakulia kwanza. Alikwenda parokia kuwaona watu wa kwaya. Walikuwa na ampli ya gari, ile ya kukuza sauti, na mabaragumu mawili makubwa ya kufunga juu ya paa, yale ya kutangazia sikukuu. Wakampa kwa moyo mweupe. Ila waya zake zilikuwa zimeungua zamani. Ampli bila waya ni jiwe. Lukusa ana gari yake, Noah ya kubebea abiria, kwa hiyo kilichokosekana ni ile kit ya waya peke yake, ya kutoa umeme kwenye betri mpaka kwenye ampli.

Mjane haendi sokoni. Mimi nilikuwa nimekalishwa chini, juu ya mkeka, kitambaa kichwani, nimezungukwa na wamama wa ukoo. Basi soko likaja kwenye mkeka. Blanchard, jirani anayeuza redio za gari, alikuja kutoa pole, na kwa kuwa Lukusa alikuwa amemwomba, akaja na mfuko. Alinipa mkono, akainama kama inavyotakiwa, halafu akamwaga nyaya zake mbele ya miguu yangu. Nadhani sijawahi kuona kilio cha namna hiyo.

“Mama Domitille, hii njo kit yote,” akasema. “Hii nene nyekundu inatoka ku batri. Hii nyeusi inafungwa ku chuma ya gari. Haka ka bluu kanaamusha ampli ukiwasha redio. Hizi mbili ni za kupitisha sauti. Na hii njo fizibu yake. Moto ikizidi, fizibu inakufa yenyewe, gari inapona.”

“Na hizi kit mbili juu ya nini hazilingane?” akauliza Noëlla, binti yangu, maana kit zilikuwa mbili.

“Hii ni namba nane, hii ni namba ine.”

“Basi tupe nane, njo nene.”

“Hapana, dada. Ya ine njo nene.”

Wamama wakatazamana: nne inaishindaje nane? Nami, Mungu anisamehe, ulimi wangu ukaniponyoka juu ya mkeka wa bwana yangu. “Tegueni hiki,” nikasema. “Namba yake ikipungua, mwenyewe ananenepa.”

Mama mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakawa yanatetemeka. Kabedi, aliyekuwa ameketi ukutani, akanikazia macho.

“We mujane ao we mwalimu wa chekechea?”

“Pardon, dada,” nikasema. Lakini nilikuwa nimekwisha geuza kichwa upande wa chumba, nangojea Tharcisse akae na jibu mpaka jioni. Chumba kilikuwa kitupu. Hapo ndipo nilipojua kweli kwamba nimefiwa.

Lukusa hakucheka. Alichukua ile nyekundu nene, akatoa kisu, akakata ncha, akakwaruza uzi mmoja mmoja. Nje ulikuwa mwekundu. Kisu kilipopita, ndani ukatoka mweupe.

“Blanchard, hii ni nini?”

“Ni waya.”

“Nakuuliza hii nyeupe.”

“Aa, yaya,” akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa. “Ndani ni aluminium, juu banapakaza mukuba. Zote zinatoka ng'ambo hivi.”

“Niletee ya mukuba kamili.”

“Haiko.”

“Haiko dukani kwako?”

“Haiko mu Kolwezi. Ukiitaka, utaiagiza Lubumbashi, na hata kule utangoja.”

Lukusa akageukia wamama na ule waya mkononi. “Munasikia? Mukuba haiko mu Kolwezi! Inapita hapa ku mulango usiku na muchana, mu malori, inatutilia mavumbi mu sahani, na mi nikitaka kidogo ya kuzikia baba yangu, haiko!”

“Inaenda yote,” akasema mama mmoja. “Kisha inarudia shati tu, mwili inabaki kule.”

“Bei yake ni ile ile,” akasema mwingine, “ya mwili yote.”

Noëlla yeye hana maneno mengi. Alimuuliza Blanchard, “Hii ya namba ine itabeba sauti mpaka makaburini, ao haitabeba?”

“Dada, itabeba. Itapata moto kidogo, lakini itabeba. Itabeba hata kesho kutwa. Na inapita vizuri mu lile tundu la chini ya usukani, hakuna mutu atajua kama iko.”

“Basi, yaya, tuchukue. Baba anazikwa mara moja.”

Lukusa akawa kama amechomwa. “Mara moja! Baba alivuta kable za mukuba mu mashimo ya kampuni mpaka mugongo ikakatala. Alikuwa anashika waya gizani, anakwambia hii ni safi, hii imechanganywa. Leo nimusindikize na waya ya sufuria? Babu zake baulize, huyu anakuja na nini, tujibu sufuria?”

“Babu hawataona waya, batasikia majina,” akasema Noëlla.

“We unajua nini ya babu?”

Wamama wakaanza kusema kila mmoja upande wake, na wengi walikuwa upande wa Lukusa. Lazima mtuelewe. Sisi hapa mtoto akizaliwa, baba yake yuko kwenye mukuba. Akibatizwa, msalaba wa shingoni ni wa mukuba. Kutudanganya kwa mukuba ni kututukana uso kwa uso. Hata mimi ule weupe ulinitukana. Nikamtazama mtoto wangu. Macho yake yalikuwa mekundu, na bado alikuwa hajalia. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba sasa.

“Fanya unavyoona, Lukusa,” nikamwambia.

Blanchard alikunja nyaya zake polepole, moja moja. “Mi nilikuja kutoa pole,” akasema. Alipofika mlangoni akageuka. “Angalau muchukue fizibu, naiacha bure.” Lakini fizibu yake ilikuwa ya waya mwembamba, na Lukusa alikuwa amekwisha kutoka nje kumwita Muteba.

*

Muteba ni mtoto wa mjomba wangu. Anachimba pamoja na vijana wale tunaowaita creuseurs, waliotoka pande zote za Kongo, wanaoingia ardhini kama panya na kutoka weupe kwa vumbi. Alikuja na gunia la mchele begani. Ndani hapakuwa na mchele. Ilikuwa kable nyeusi, nene kama kidole gumba cha mwanamume, ina mstari wa njano ubavuni, na karibu na ule mstari herufi za mgodi zimepigwa chapa.

Lukusa akakata ncha. Ee, ndugu zangu! Ulikuwa mwekundu mpaka moyoni. Unawaka kama kaa la moto. Wamama wakapitishiana kile kipande, kila mmoja anakishika, anakipima kwa kiganja. Hata Kabedi alikishika. Alikaa nacho muda, akasema tu, “Huu njo wa kwetu.”

“Umetoka wapi?” Noëlla akauliza.

“Chini ya udongo, kama mukuba yote,” akajibu Muteba, na watu wakacheka.

“Nakuuliza kweli.”

“Dada, kable ilikuwa imelala, haina kazi. Sasa imepata kazi.”

Asubuhi ya maziko walifunga vyombo. Ule wa namba nne ungepita kwenye tundu la chini ya usukani. Huu wa Muteba haukupita hata ncha. Wakautoa kwenye boneti kwa pembeni, wakaulaza juu ya ubavu wa gari, wakauingiza kwa dirisha la mbele, kioo kimeshushwa. Noëlla alisema wauvue lile gamba jeusi lenye herufi. Lukusa akasema ukiuvua utagusana na chuma cha gari na kila kitu kitaungua. Hapo alisema kweli. Basi ukabaki na gamba lake, na mstari wake wa njano, unaning'inia mchana kweupe.

Kabedi akaingia kwenye kiti cha nyuma, nami kando yake. Akapewa maikro ya kwaya. Ni mwanamke mwembamba, sauti yake siku hizi ni uzi. Ukiwa jikoni naye humsikii kama maji yanachemka. Akaileta ile maikro mdomoni kwa woga, kama mtu anayepewa dawa chungu.

“Kankolongo,” akasema.

Na jina likatoka juu ya paa, likaenda likagonga ukuta wa shule, likarudi. Kuku wakaruka. Watu waliokuwa wameketi chini ya hema la kilio walisimama wote bila kuambiwa. Kabedi alinitazama, na machozi yakaanza kumtoka. Hapo ndipo Lukusa naye alipolia, ameegemea usukani.

Tukatoka. Gari la maiti mbele, sisi nyuma yake, watu wakifuata kwa miguu na kwa basi la kukodi. Kwenye barabara kubwa malori yalikuwa yamejaa kama kawaida, lakini siku hiyo hayakuwa kitu. Kabedi aliyapita juu. Aliimba, “Kankolongo wa Nkongolo, mwenye mikono inayojua giza! Wewe uliyelala ukiota kable, ukaamka ukaziunga!” Dereva mmoja wa lori akavua kofia. Wanawake waliokuwa wakiuza makala kando ya njia wakapiga magoti. “Nkongolo, uliyeshuka kwenye treni na nguo za mwenzako! Nkongolo usiyejua maana ya Kolwezi, ukafia Kolwezi! Nkongolo, simama, mtoto wako huyu!”

Nilikuwa nimeshika goti la wifi yangu. Niliona kama vile Tharcisse pale mbele ananyoosha miguu ndani ya jeneza, anastarehe. Najua ni upuuzi. Lakini niliona.

*

Kabla ya makaburi, barabara inapita kwenye mlango wa mgodi, na pale wameweka kizuizi. Askari wa mgodi wanakagua magari kwa ajili ya kable zinazoibwa. Wafu hawawakagui. Waliliacha gari la maiti lipite, wakasimama wima, mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Mkubwa wao alitoka kibandani. Nadhani sauti ndiyo iliyomtoa. Alisimama kando ya njia kofia mkononi, anasikiliza, mtu mzima mwenye mvi, uso wa kuchoka. Gari yetu ilikuwa inapita mbele yake polepole, kwa heshima. Niliona macho yake yanashuka kutoka kwenye mabaragumu, yanafuata dirisha, yanafuata ubavu wa gari. Akavaa kofia. Akainua mkono.

Lukusa akasimama.

“Gari ni ya nani?”

“Ni ya mi, chef.”

“Hii kable umeitoa wapi?”

“Chef, ni kilio. Baba yangu eko pale mbele.”

“Nimeona. Pole sana. Nimekuuliza kable.”

“Baba alifanya kazi ya mashimo miaka yote. Alikuwa anavuta kable hii hii.”

“Basi alijua alama yake,” akasema yule mzee. Hakusema kwa ukali. Aliweka kidole juu ya zile herufi, akazisoma kimoyomoyo, akatikisa kichwa. “Wiki nzima banatafuta watu juu ya hii. Wakubwa bananiuliza mi. Nikiacha ipite hapa, na sauti yote hii juu yake, kesho mi njo niko mwizi.”

“Tukimaliza kuzika nakurudishia. Nakuapia.”

“Mutoto, hakuna mwizi haapi.”

Kabedi hakuwa anasikia hayo. Akiwa ndani ya kasala haoni kitu. Macho yamefungwa, mwili unayumba, na pale juu ya paa alikuwa amefika kwa babu: “Mushiya, mwenye kuvuka mto bila kulowa! Mushiya, simama! Mushiya wa...”

Askari mwingine alikuwa amefungua boneti. Aliukamata waya akaung'oa kwenye betri. Cheche ikaruka, akalaani, akajipuliza vidole.

Mabaragumu yakanyamaza.

Mdomo wa Kabedi uliendelea kidogo, kisha akafungua macho. Malori yalirudi yote kwa pamoja, kama yalikuwa yanangoja.

Walimshusha Lukusa. Alinitazama kwa dirisha. Noëlla alimshika yule mzee mkono, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake nyeusi. “Tata,” akamwita, yaani baba, “yee njo mutoto wa kwanza. Yee njo anatupa udongo wa kwanza. Muache azike, kisha mumufunge.”

“Mama yangu, simama,” yule askari akamwambia, anatazama pembeni. “Gari inabaki. Na yee anabaki. Mungine atatupa udongo.”

Muteba nilimtafuta kwa macho. Hakuwepo.

Basi tukashuka. Gari la maiti lilikuwa limesimama mbele, dereva anapiga honi kidogo kidogo, maana padri anangoja. Watu walikusanyika nyuma yetu. Nikamwambia Kabedi, “Endelea, dada.”

“Haiendelee.”

“Namna gani?”

“Majina ikikatwa, haiungwe njiani. Inarudishwa ku mulango wa nyumba, inaanza mupya. Njo vile nilipewa.” Akageukia tulikotoka. “Tumurudishe nyumbani, Domitille.”

Nilitazama nyuma, barabara yote tuliyokuja nayo, na malori juu yake mpaka macho yanapoishia. Kichwani mwangu nilikuwa nikiona tunageuza jeneza, tunalirudisha mlangoni, tunatoka tena. Na baada ya kutoka?

“Tukirudi, utasikika?”

Aliangalia ile maikro, bado alikuwa ameishika, na waya wake mdogo ulikuwa unaburutika chini. “Bila kile kitu? Hapana.”

“Basi ita hapa ulipofika.”

“Haifanyiwake, Domitille.”

“Najua kama haifanyiwe.”

Ndugu yangu msomaji, ni mimi niliyesema hivyo, si mwingine. Noëlla alikuwa analia, padri alikuwa anangoja, jua lilikuwa juu ya jeneza. Kabedi alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayevunja chungu chake mwenyewe. Kisha akaweka maikro chini, kwenye mchanga, akashika mlango wa nyuma wa gari la maiti, na gari likaanza kwenda.

Akaita. Nilikuwa bega kwa bega naye. Niliona midomo yake inafunguka na kufungwa, niliona shingo inavimba. Lori likapita, nikaona midomo. Lori lingine likapita, nikaona midomo. Nilisogeza sikio langu karibu na mdomo wake mpaka pumzi yake ikanipiga shavuni, na hiyo pumzi ndiyo niliyoipata. Kila pumzi ilikuwa mtu. Sikumjua hata mmoja.

Tulipofika shimoni akafunga mdomo. “Nimemaliza,” akasema, na hiyo niliisikia, maana pale makaburini kuna kimya. Padri akasoma. Noëlla akatupa udongo wa kwanza mahali pa kaka yake, mkono wake ukawa kama haujui namna, udongo mwingine ukaanguka pembeni.

*

Kwetu watu wakitoka makaburini hawaingii nyumbani na udongo wa kaburi mikononi. Pale mlangoni kunawekwa beseni la maji, kila mmoja ananawa, ndipo anaingia na kuketi. Tulinawa wote. Maji yakawa mekundu. Yakamwagwa, beseni likageuzwa.

Lukusa walimwachia alasiri. Kesi ilibaki, gari ilibaki. Alikuja kwa miguu. Nilimwona toka kwenye mkeka wangu, kwa mlango ulio wazi: amesimama pale nje, mbele ya lile beseni lililogeuzwa, haingii. Watu chini ya hema wakajifanya hawamwoni.

Nikainuka. Mjane hatakiwi kuinuka hivyo, lakini hakuna aliyenikataza.

“Ingia, mwanangu.”

“Nitaingia namna gani, mama? Sikuzika.”

Yeye akaendelea, anatazama chini.

“Baba alisikika mpaka wapi?”

“Mpaka Mushiya.”

“Na benye kufuata?”

Kabedi alikuwa amelala ndani, uso ukutani, sauti yake imekwisha hata ya kuomba chai. Nilitaka kumwambia Lukusa kwamba wote walisikia, wote walisimama. Mama anaweza kusema hivyo. Lakini baba yake aliniuliza swali lile lile mwaka jana, na sikumdanganya.

“Sijui, Lukusa.”

Akaitikia kwa kichwa. Nilibinua beseni, nikachota maji kwenye pipa, nikamwambia anyooshe mikono. Alinyoosha kama mtoto. Nikammiminia polepole, vidole, viganja, mpaka kwenye vifundo, na maji yakaanguka ndani ya beseni yakiwa safi vile vile nilivyoyachota.